Mbegu ya Kibuyu cha Vigwaza

Marehemu mume wangu aliapa mara tatu kwamba hakumpa Hanadi mbegu yangu ya mtindi, na mara zote tatu sikumwamini. Siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka, shemeji yangu Yusuf alisimama mlangoni akaniuliza mbele ya watu kama nimemsamehe Muharami. Nikasema nimemsamehe. Ulimi ndio uliosema. Moyo ulikaa kimya, mimi nilijua, Mungu alijua, na nadhani hata Muharami mwenyewe ndani ya sanda alijua.

Nieleze kwanza mbegu ni nini, maana siku hizi watu wanakula bila kujua wanachokula. Ukitaka maziwa yagande vizuri unayachemsha, unayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, kisha unatia vijiko viwili vya mtindi wa jana. Hivyo vijiko viwili ndiyo mbegu. Mtindi wa leo umezaliwa na wa jana, wa jana na wa juzi, na ukirudi nyuma hivyo hivyo mwisho unafika kwa mtu. Wangu ulifika kwa mama yangu, Vigwaza, kwenye kibuyu alichokitundika jikoni juu ya mafiga. Aliponioza Bagamoyo alinipa doti sita za kanga, sufuria tatu na chupa moja ya mbegu. Kanga zimechakaa zikawa matambara, sufuria zimetoboka, mama mwenyewe amekufa. Mbegu ndiyo iliyobaki hai, nikiilisha maziwa kila baada ya siku nne kama mtu anavyolisha kifaranga.

Miaka mingi niliuza mtindi pale Dunda kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa vikombe, na hakuna aliyewahi kuupiga picha. Halafu nikaugua. Nilifanyiwa upasuaji wa nyongo Dar es Salaam, nikalazwa wiki tatu, nikarudi nyumbani mdomo mchungu wa dawa, sijui chumvi wala sukari. Nilipoanza tena kuuza wateja wakaniambia, Bi Mina, mtindi wako umepata makali. Mimi nilikuwa sisikii ladha yoyote, nikawaambia ni dua za mama yangu. Waliamini, nami nikaamini.

Mwaka uliofuata ndipo wazimu ulipoingia. Binti yangu Mwanajuma aliona Dar mashine inayokoroga mtindi mpaka unakuwa barafu laini. Unavuta mkono wa chuma, unashuka kwenye kikombe ukijizungusha kama kilemba. Muharami akaenda Kariakoo akaipata moja iliyotumika. Ule mtindi tukaunyunyizia juu yake ubuyu, korosho zilizopondwa, embe bichi la pilipili. Nilidhani watu watataka sukari. Hawakutaka sukari. Walitaka ukali. Vijana walishindana nani atamaliza kikombe bila kukunja uso, wenzao wakiwarekodi kwenye simu, na zile picha zikaenda zinakokwenda, tukaanza kupata watu wa Dar kila Jumamosi. "Bi mkubwa, niwekee ile inayong'ata," wanasema. Nami mpumbavu nikafurahi. Nikaandikisha kibao kwa herufi nyekundu: YOGATI YA BARAFU. MBEGU YA KIBUYU CHA VIGWAZA.

Hanadi ni mke mwenzangu. Ni wa watu wa mjini hapa, familia ya asili ya Omani iliyouza vitambaa tangu enzi za babu zao, na Muharami alimwoa miaka minane iliyopita baada ya kunitaarifu siku mbili kabla, akiwa ameshika kofia mkononi. Ana miaka thelathini na minane, mimi nina hamsini na miwili. Nyumbani kwao walizoea kutengeneza laban, yale maziwa ya kuchacha wanayoyanywa na wali, naye akawa anawatengenezea majirani. Sikumjali. Lakini wazimu wa yogati ulipofika mwezi wa sita, naye akafungua duka, upande wa pili wa barabara, hatua ishirini kutoka langu. Mashine mpya, taa za rangi, viti vya kijani.

Siku ya kwanza nilimtuma Mwanajuma akaninunulie kikombe. Ulimi wangu ulikuwa umesharudi zamani. Nikaonja, na ilikuwa yangu. Ukali uleule unaoanza pembeni mwa ulimi, ukapanda mpaka chini ya masikio, ukaacha utamu kidogo wakati wa kuondoka. Mtindi wa mtu mwingine hauwezi kukuiga namna ile. Muharami alipoingia kula chakula cha mchana nilimuuliza, umempa mbegu ya mama yangu? Akaapa. Nikamuuliza tena, akaapa tena. Mara ya tatu aliapa akiwa amesimama, chakula hajakigusa, na mimi nikamwambia atakwenda kumweleza Mungu.

Tangu siku ile nilimpikia, nikamfulia, nikamwitikia salamu, basi. Mwaka mzima. Kwenye harusi moja nilisema mbele ya wanawake kwamba kuna watu wanakula jasho la mama wa mwenzao bila haya. Hanadi alikuwa amekaa sinia ya pili. Alirekebisha shungi lake akaendelea na pilau. Nikasema moyoni, mwenye hatia hana mdomo.

Huko nje vijana waligawanyika, kuna wa kwangu na kuna wa kwake, wakabishana barabarani ipi kali zaidi, wengine wakinunua kikombe huku na kikombe kule wapate kulinganisha. Muharami ndiye aliyetuletea maziwa sote wawili, kila asubuhi kutoka kwa Twalib wa Vigwaza, madumu sawasawa. Mimi kusema kweli nilichoka mapema. Mikono iliniuma kwa ile mashine. Nilikuwa nasimama pale kwa sababu yeye amesimama kule, na sidhani kama yeye alikuwa na sababu nzuri zaidi.

Muharami alianguka asubuhi moja baada ya kushusha maziwa ya Hanadi na kabla hajashusha yangu. Kiharusi, walisema. Hakufika hata hospitali.

Yusuf ndiye kaka mkubwa, naye ndiye aliyeamua. Chumba cha Hanadi kiko nyuma ya duka lake, mlango mmoja na wateja, si mahali pa mwanamke kukaa eda. Kwa hiyo aje kwangu. Aliniambia hivyo mbele ya mashehe wawili, wakati sina nguvu hata ya kubisha, na kufikia alasiri Hanadi aliingia na begi lake na mto wake. Miezi minne na siku kumi, wajane wawili wa mtu mmoja, chini ya bati moja. Maduka yote mawili yakafungwa. Mwanajuma ana mume na watoto Chalinze, hawezi kukaa dukani, lakini aliniletea chupa yangu ya mbegu kabla hata matanga hayajaisha, na kila wiki alikuwa anapitia Vigwaza kwa Twalib kuniletea maziwa ya kuilishia. Ya Hanadi haikuwa na mtu. Umeme wa luku uliisha duka likiwa limefungwa, na wiki ya tatu tulisikia kwamba harufu imefika barabarani.

Tuliishi kwa adabu. Aliniamkia kila asubuhi, nikamwitikia. Yeye alifagia, mimi nilipika. Nguo zetu zisizo na rangi zilianikwa kamba moja, na mara mbili nilivaa yake bila kujua. Kati ya ukumbi na baraza kulikuwa na pazia nene la kahawia alilolitundika Yusuf, na wanaume waliokuja kutoa mkono wa pole walikaa barazani, wakasema nasi bila kutuona. Wengi walijichanganya nani ni nani. Tulijibu tu. Pole za msiba hazina jina.

Mwezi wa pili ulipoingia, Hanadi alikuja jikoni nikiwa nachambua mchele.

"Dada Mina, naomba unipimie mbegu kidogo. Yangu imekufa."

Sikuinua uso. "Mbegu ya mama yangu haigawiwi," nikasema. "Na aliyekupa mara ya kwanza tumeshamzika."

Nilidhani atanijibu vikali, nikajiandaa. Akasema, "Haya, dada," akachukua sufuria chafu akaenda kuziosha.

Nilifurahi kwa nusu siku. Nilihesabu kwamba tukitoka eda mimi nitafungua siku ileile, yeye atahangaika na mtindi wa pakiti usio na makali, na vijana watajua nani alikuwa nani. Baada ya swala ya alasiri furaha ikaisha, kikabaki kile kitu kizito kifuani nilichokizoea. Mwanajuma alipokuja alisema kuna mtu wa Dar amefungua karibu na stendi, anachanganya unga wa kopo na maji, na foleni ni ndefu. Waliopanga ni wale wale waliokuwa wamegawanyika, wa kwangu na wa kwake. Nikamwambia waende salama.

Sasa ile siku ya Twalib. Nilikuwa nimeshikwa na mafua, sauti imekauka, na baada ya adhuhuri nilimwambia Yusuf kupitia pazia kwamba nakwenda kulala. Nililala kidogo, mafua hayakuniacha, nikaamka nikaja kukaa ukumbini. Hanadi akaenda chumbani kujinyoosha. Yusuf hakujua kama tumebadilishana. Nilimsikia akimkaribisha mtu barazani, akimwambia kwa sauti ya chini kwamba bibi mkubwa amelala, mdogo ndiye aliyepo nyuma ya pazia, kisha akaaga kwamba anawahi kikao cha msikitini.

Mgeni akatoa salamu, nikamjua kuwa ni Twalib. Nikaitikia, nikamwamkia, akasema marahaba. Ni mtu mzima kuliko sisi sote, na sauti yangu ya siku ile hata mama yangu asingeitambua.

"Pole na msiba, mwanangu."

"Tumeshapoa," nikasema.

Alikohoa, nikasikia bakora yake ikigonga sakafu. Akasema ni vizuri amenikuta peke yangu, maana alichokuja nacho si cha kusemwa mbele ya bibi mkubwa. Hapo nilifungua mdomo nimwambie kuwa bibi mkubwa ndiye huyu. Nikaufunga. Sitajitetea. Nilitaka kusikia.

Alisema Mwanajuma alimsimulia alipofuata maziwa, bila nia mbaya, kwamba mama yake amemnyima mke mdogo mbegu. Tangu hapo hakupata raha. Yeye alikuwa ameahidiana na Muharami kuwa atanyamaza, lakini Muharami ameshakwenda zake, na ahadi ya kumlinda mtu inakuwaje pale inapoanza kumuumiza mwingine? Kwa hiyo amekuja kuniuliza mimi, mwenye haki ya siri ile, aseme au asiseme. Aliuliza kwa unyenyekevu kabisa, kama anayeomba ruhusa ya kukata mti wa jirani.

Nikamuuliza aseme nini hasa. Akadhani nataka kujua anachokijua, akanisimulia habari yangu mwenyewe.

Mwaka ule niliolazwa, Muharami alitaka nikirudi nikute nyumba inang'aa. Akazima friji aioshe. Akaiosha ndani na nje, akasahau kuiwasha, akaondoka kuja kukaa nami hospitali siku tano. Aliporudi akaikuta chupa ya mbegu imeota ukungu mweusi mpaka shingoni. Alikwenda Vigwaza mbio na chupa tupu mkononi, macho mekundu, akamwomba Twalib amtafutie kibuyu chochote cha zamani, cha jirani yeyote wa mama yangu. Twalib alizunguka naye kutwa nzima. Wenye vibuyu walishahama na ng'ombe wao, wengine walishakufa, vijana wananunua mtindi wa pakiti. Wakarudi mikono mitupu.

"Mimi ndiye niliyemwambia arudi kwako," Twalib akasema. "Nikamwambia, mkeo mdogo ana laban ya bibi yake, omba. Akasema ulimpa chupa nzima, ukabaki na kikombe kimoja. Na ukamwekea sharti: bibi mkubwa asijue kamwe. Ulisema ameshakatwa nyongo, asije akafiwa na mama yake tena."

Nilikuwa nimeshika ncha ya pazia. Nililiachia ili lisitikisike.

Kwa hiyo makali yaliyoniletea vijana, kibao changu chenye herufi nyekundu, dua za mama yangu, vyote vilitoka kwenye jungu la watu niliowasema harusini. Mbegu ya mama yangu iliishia kwenye shimo la taka, na mume wangu alinificha habari hiyo. Aliponiapia kwamba hakumpa Hanadi mbegu yangu alikuwa anasema kweli tupu, mara zote tatu. Hakuwa na mbegu yangu ya kumpa mtu.

Twalib akauliza tena. "Niseme, mwanangu? Au ninyamaze?"

"Usijisumbue," nikasema. "Ameshajua."

"Amejuaje?"

"Ameambiwa na mtu asiye na nia mbaya."

Akashusha pumzi ndefu, akamshukuru Mungu, akamwombea marehemu. Aliacha dumu la maziwa mlangoni, akaniombea subira, akaondoka na bakora yake. Nilimsikia mpaka kona ya msikiti.

Nilikaa. Nilitaka kulia nikashindwa, nadhani nilikuwa nimechoka mno. Nililichemsha lile dumu la maziwa kwa sababu maziwa hayangoji mtu. Nikayaacha yapoe. Halafu nikatoa chupa kwenye friji, nikachukua kikombe na kijiko, nikatandika mkeka ukumbini, nikangoja.

Hanadi aliamka kwa alasiri. Alipomaliza kuswali alinikuta pale. Niliisukuma chupa mpaka mbele ya magoti yake.

"Naomba unipimie mbegu," nikamwambia.

Aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi. "Yako hiyo, dada."

"Si yangu. Nakuomba unipimie."

Hakuuliza nina maana gani. Alikaa taratibu, akavuta nguo yake ikafunika miguu, na uso wake niliokuwa nikiuona wa kiburi miaka yote minane niliuona kuwa ni uso wa mtu aliyechoka kama mimi.

"Nani kakwambia?"

"Twalib. Alidhani anasema na wewe."

Akatikisa kichwa. Nilimwambia yale maneno ya harusini nayarudisha, na ya jikoni pia, na kwamba sina njia ya kuyarudisha. Akasema yameshapita. Nikamwambia kwangu hayajapita, kuna mtu mmoja sina pa kumpata.

"Mwaka jana nilimwambia akueleze," Hanadi akasema. "Mlipoacha kusemezana. Nikamwambia nakuondolea sharti, nenda kamwambie, utakufa na kinyongo cha bure. Akakataa."

"Alisemaje?"

Alikuwa akifungua mfuniko wa chupa.

"Alisema, kununiwa nimeshazoea. Yeye kufiwa na mama mara ya pili hatazoea."

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia hivyo siku ya maziko. Hanadi hakunibembeleza, na nilishukuru. Alichukua kijiko akaonja mbegu, akailamba polepole kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyelelewa nyumba nyingine.

"Unaichelewesha sana kwenye joto," akasema. "Ndiyo maana yako ilikuwa inawang'ata zaidi. Kwetu tunaitoa mapema."

"Nilidhani ndivyo alivyofanya mama."

"Labda ndivyo," akasema.

Akanipimia vijiko viwili kwenye kikombe. Akafikiri, akaongeza cha tatu. Kisha akaifunika ile chupa akaiweka upande wake, na kikombe akanipa mimi, nami nikakipokea kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa yameshapoa kiasi cha kidole kuvumilia. Tuligawana dumu nusu kwa nusu, kila mmoja na sufuria yake, tukazifunika kwa kitambaa kimoja kwa kuwa kingine kilikuwa kwenye kamba.

Zilikuwa zimebaki siku arobaini za eda. Sijui kama tukitoka tutakuta bado kuna mtu Bagamoyo anayetaka yogati kali, na kile kibao changu itabidi kishushwe, nitamwomba Mwanajuma. Hayo yanaweza kungoja. Lisilongoja ni jingine, na siijui dawa yake. Siku ya maziko waliniuliza mimi kama nimemsamehe. Yeye sikumwomba anisamehe.